Nne Ndiyo Sifuri

Gongoni, saa moja asubuhi, chumvi imenitangulia kazini.
Imo kwenye nati, imo kwenye mshono wa viatu,
imeota ndevu nyeupe kwenye shingo ya vali
ambayo Fondo ameizungusha kwa mkono miaka kumi na tisa,
raundi thelathini na mbili kufungua, thelathini na mbili kufunga,
maji ya bahari yaingie vidimbwini, yasiingie.

Leo nimekuja na sanduku.
Ndani yake kidhibiti, kimelala kwenye sponji kama yai.

Kwanza hewa. Watu hudhani hewa ni hewa.
Hewa ya kompresa hii inatoka jasho:
nafungua koki chini ya chujio, inatema kikombe kizima,
rangi ya chai ya mkandaa.
Nangoja mpaka inipulize kavu kiganjani.
Paundi thelathini na tano. Sindano inatii.

Kisha mkono wa mrejesho,
kijiti cha chuma kisichofika shubiri,
kinachoshika shina la vali na kumwambia kidhibiti:
wewe umesema nusu, lakini mimi niko hapa.
Sharti ulale sawasawa vali ikiwa katikati ya safari yake.
Ukiupinda, chombo kitadanganywa umri wake wote,
na kitatenda kwa uaminifu.

Fondo amesimama na spana yake. Haulizi habari za umeme.
Anauliza kama Ijumaa jina lake litakuwa ubaoni.
Sijui. Mimi nimeletwa na oda, na oda haina majina.
Namwomba anishikie tochi.
Anashika.

Natuma ishara. Ishirini: wazi kabisa.
Kumi na mbili: nusu.
Nne: imefunga.
"Mbona hamwanzii sifuri, Mbeyu?"

Sifuri ni waya uliokatika, nikamwambia.
Panya kala, au chumvi imekula.
Aliyefunga mlango na aliyekufa ndani, ukibisha,
wote wawili hawaitiki.
Basi aliye hai tunampa nne,
hazitoshi kufungua chochote,
zinatosha kusema: nipo, nimefunga tu.

Akahamisha tochi mkono wa pili.
"Kitsao wangu yuko Doha. Salio hana.
Saa tatu usiku anabipu. Moja tu. Sipokei."

Sikujibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Mchana kidhibiti kikaanza wazimu.
Nimekiambia nusu: kikaenda hamsini na tatu,
kikarudi arubaini na saba, hamsini na mbili,
fff, fff, hewa inatoka na kuingia
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Nikapunguza ukali. Fff.
Nikapunguza tena, nikafungua kitabu, nikafunga kitabu.
Fondo akaweka kiganja juu ya shina.
"Inakwama hapa. Mimi pia ilinikwamia hapa."
Akalegeza nati ya kashata ya shingo, robo raundi,
akapaka grisi kwa kidole,
na vali ikasogea, ikafika hamsini, ikatulia.
Nilimwangalia. Alikuwa ameifundisha mashine
kumwondoa kazini, na alikuwa anacheka.

Kwenye fomu kuna nafasi ya Maoni, mistari miwili.
Nikaandika: *Usukani wa mkono usiondolewe.
Hewa ikikatika, unahitaji mtu anayeujua.*
Ni kweli. Nimeiandika kwa herufi kubwa kuliko ukweli unavyohitaji.

Giza likatukuta bado tunafunga vifuniko.
Kipimo kinasoma nne. Maji yamesimama nje ya lango.
Juu ya sanduku tupu, simu ya Fondo ikatetemeka
mara moja, ikanyamaza.
Hakuigusa.
Aliendelea kufuta chumvi kwenye spana,
upande huu, kisha upande wa pili,
kama kesho ataitumia.